Mrejesho: hesabu ya mofini kwenye somo la tiba shufaa (huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wenye maradhi mazito)

Swali lilikuwa hili: mgonjwa anakunywa mofini ya maji (dawa kali ya maumivu) 10 mg kila baada ya saa 4, na jana aliomba dozi ya ziada, ile ya maumivu yanayozuka kabla ya dozi ya kawaida kufika, mara 3. Dozi mpya ni ipi? Asanteni wote, hesabu sasa imekaa sawa.

Dozi 6 za kawaida ni 60 mg kwa saa 24. Ya ziada ni moja ya sita ya hiyo, yaani 10 mg. Mara 3 ni 30. Jumla 90, gawanya kwa 6, unapata 15 mg kila saa 4. Dozi ya ziada nayo inapanda kuwa 15. Hapo ndipo alama zinapopotea: watu hupandisha moja wakaisahau nyingine.

Ila kabla ya kujumlisha, uliza zile za ziada zilinywewa saa ngapi. Kama zote zilikuwa wakati wa kuogeshwa au kusafishwa kidonda, hayo ni maumivu ya kuguswa na kujongea. Ukipandisha dozi ya kutwa, akitulia atasinzia tu.

Halafu miligramu na mililita (mtego wa kila mwaka!). Chupa ya 5 mg kwa 5 ml, 15 mg ni 15 ml; ya 10 mg kwa 5 ml, ni 7.5 ml. Soma lebo.

Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Kichefuchefu kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, kufunga choo hakuishi. Na figo zikiwa dhaifu, mabaki ya mofini hurundikana mwilini: misuli ikianza kushtukashtuka, mwite daktari kabla ya dozi inayofuata.