Eti "watakula kuku wa Waingereza"! Wakuu, nishikeni

Wakuu, nimetoka kijiweni sasa hivi, kahawa sikumaliza, mikono inatetemeka. Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, sauti yake inafika kona kabla yake.

Leo katuambia mwaka 1940 Hitler angeitwaa Uingereza asubuhi moja kwa askari wa miavuli. Eti pale Dover, kati ya Ufaransa na Uingereza, maji ni kilomita 34 tu, ndege inaruka juu. Nikamuuliza kistaarabu: Ju 52, ndege ya Wajerumani ya kubeba askari, inachukua watu kama 17, na nyingi zilishateketea Uholanzi mwezi Mei. Jenerali Student, mkuu wa askari hao wa miavuli, mwenyewe alikula risasi ya kichwa Rotterdam. Haya, wameshuka Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Manowari za Mwingereza zimeziba bahari. Siku ya pili watakula nini?

Akapuliza kahawa. Akafuta mdomo. "Watakula kuku wa Waingereza."

KUKU! Kijiwe kizima chini. Muuza kahawa kacheka hadi kamwaga birika. Miaka ishirini nasoma vita hii, nashindwa na kuku!

Krete, kisiwa cha Ugiriki, Mei 1941, Wajerumani hao hao waliruka na bastola, bunduki zikashuka kwenye makasha pembeni. Waliokuja kwa mashua wakasambaratishwa usiku na manowari. Kisiwa walikichukua, lakini walikufa maelfu, Hitler mwenyewe hakutaka tena kuruka kwa namna ile. Kuku angesaidia nini hapo?

Kobe Mbio: Mkuu, uliuliza watakula nini, ukajibiwa. Kosa liko wapi?

Bati Jipya: Mleta mada yuko sahihi. Arnhem, Uholanzi, 1944, Waingereza na wenzao walishuka kutoka angani kama 10,000, waliorudi ng'ambo ya mto hawakufika 3,000. Na wale jeshi la nchi kavu lilikuwa linawafuata kwa barabara, si kwa bahari. Ila kuku kakuuma, kubali.

Mama Ntilie Mstaafu: Mayai je, waliyafikiria?

Kobe Mbio: 😂😂

Shoka Butu: Afadhali wenu. Wa kijiwe chetu anakula kashata nne, analipa mbili.

Bati Jipya: Kashata zenyewe siku hizi nyembamba kama stempu.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye miavuli.

Kobe Mbio: Kahawa yako ulilipa? Mwenye birika ananidai mimi.

Shoka Butu: Nimehesabu tena. Zilikuwa tano.