Mjadala: Miwani ya VR ikiuzwa bei nafuu, wacheza gemu watainunua kweli?

Wakuu, kila tukigusa VR, yaani miwani ya kuvaa usoni inayokuingiza ndani ya mchezo, kuna hoja inarudi: watu hawaitaki, wangeitaka wangeshanunua. Mimi nabisha. Watu wanaitaka, ila kwa miaka mingi wameletewa ama ya ghali isiyoshikika, ama ya bei rahisi isiyofaa kitu.

Ya ghali mnaijua. Mwaka 2016 Oculus Rift ilitoka kwa dola 599, HTC Vive dola 799, na bado ulitakiwa uwe na kompyuta yenye nguvu. Februari 2023 Sony wakaleta miwani yao, PSVR2, kwa dola 549.99, ghali kuliko PS5 yenyewe, mashine ya gemu unayoichomekea! Machi 2025 wakaishusha hadi 399.99.

Kidonda kipo kwenye ile ya bei rahisi. Mara yangu ya kwanza kuvaa VR ilikuwa kwa binamu yangu, ile ya kutumbukiza simu ndani. Dakika chache tu simu imepata moto hadi naisikia kwenye paji la uso, na kichwa kinaanza kugonga. Oculus Go ya 2018 iliuzwa dola 199 na haikuhitaji simu, lakini ilijua kichwa kimegeukia wapi tu. Mwili ukisogea, haina habari. Unainama uchungulie chini ya meza, meza nayo inakwenda na wewe, tumbo linachafuka. Mtu akishaonjeshwa hiyo akaambiwa ndiyo VR, utamrudisha kwa lipi?

Sasa tazameni Quest 2 ya Meta, Oktoba 2020, dola 299. Hakuna kompyuta, hakuna waya, inafuata mwili na mikono yote miwili. Unaweka gemu la Beat Saber, unakata vile viboksi kwa mdundo wa muziki, hata mama mwenye nyumba anaelewa bila kufundishwa. Agosti 2022 Meta wakaipandisha dola 100. Mwaka uliofuata wakairudisha palepale 299. Kwangu mimi, huko ni kukiri kwamba mnunuzi yupo, na mfuko wake unaishia wapi wanapajua.

Wanaosema bei hiyo ni ya hasara wana hoja nzito, siikwepi: Reality Labs, kitengo cha Meta kinachotengeneza vifaa hivi, kilipoteza zaidi ya dola bilioni 17 mwaka 2024 peke yake. Lakini humo mna utafiti wa mambo mengi, si Quest tu. Na Quest 3S, ndugu wa bei nafuu wa Quest 3, imeonyesha pa kubania: chipu ni ileile ya Quest 3, lenzi ndizo za kizamani. Picha inapungua makali kidogo pembeni, mchezo unabaki mzima. Bania lenzi, usibanie kile kinachofuata mwili.

Nawaomba hasa mlionunua mkaishia kuiweka kabatini mseme: ilikuwa ya aina gani, na mara ya mwisho mliivua kwa sababu gani?