Naomba ushauri: geti la gharama nafuu kwa uzio wa malisho ya ng'ombe

Wafugaji wenzangu, salaam. Nimegawa malisho ya ng'ombe wangu katika sehemu 4 kwa uzio wa seng'enge, na sasa nahitaji mageti yasiyonimaliza kifedha. Hadi leo natumia mageti ya seng'enge iliyofungwa kwenye vijiti, ambayo ni rahisi kuyatengeneza, lakini kuyafunga kunataka mtu mwenye nguvu, na kila yanapolegea ndama hupenya chini yake.

Nilijaribu geti moja la mbao lenye upana wa mita 4 ili trekta na tela vipite bila kukwangua nguzo. Ni zito mno, na limeinama upande wa komeo ingawa nililitia ubao wa mshazari. Nguzo yenyewe imeanza kulalia ndani, pengine kwa sababu niliichimbia kina kifupi. Geti la mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki ni jepesi zaidi na halishiki kutu upesi, ila kununua 4 kwa mkupuo ni mzigo. Je, ni busara kuweka la chuma pale tu ng'ombe wanaposongamana, yaani kwenye njia ya kwenda kukamuliwa, na kwingine nibaki na seng'enge?

Naomba pia maelekezo ya bawaba. Nimeelezwa kwamba pini ya juu ikielekezwa chini, ng'ombe hawezi kuling'oa geti kwa kulinyanyua, jambo ambalo fahali wangu amekwisha kulifanya mara 2. Na waliotengenezesha mageti kwa mabomba chakavu, je, yamedumu?