Naomba ushauri: dozi za chanjo ya surua-rubela zinazomwagwa siku ya mkoba (tunapopeleka chanjo vijijini)

Wauguzi wenzangu, habari za kazi. Kichupa cha surua-rubela kina dozi 10. Kikishachanganywa na maji yake, kinadumu muda wa saa 6 tu, kinachobaki kinamwagwa. (Penta, chanjo ya magonjwa matano, afadhali: kichupa kilichofunguliwa kinarudi kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.) Sasa huku Chamwino, Dodoma, kaya ziko mbalimbali, siku ya mkoba wanaweza kuja watoto watatu tu. Kumrudisha mama aliyetembea juani na mtoto mgongoni ni kumpoteza, kwa hiyo kichupa kinafunguliwa na dozi 7 zinapotea. Mnaoshirikiana na mabalozi wa nyumba kumi, mnawakusanyaje watoto wa miezi 9 na 18, wanaostahili chanjo hii, siku moja? Mnaanza na rejesta ya watoto, au mnafuata siku ya mnada?