Mbona namshangilia muuaji? Mwalimu wa kemia naomba mawazo yenu

MwalimuMkemia:
Wakuu, salaam. Nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, huu mwaka wa 14. Mwezi uliopita tukiwa maabara mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, na wewe unaweza kupika ile ya bluu?" Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe wote wameiona Breaking Bad, tamthilia ya Kimarekani ya mwalimu wa kemia, Walter White, anayegeuka mpishi wa dawa za kulevya za rangi ya bluu, mimi peke yangu ndiye sijui. Nikaomba flashi, nikaangalia sehemu zote 62, usiku, mke wangu akishalala.

Mapishi hayanitishi. Kinachonisumbua ni mimi mwenyewe. Msimu wa pili Walter White anasimama kando ya kitanda akimtazama Jane, mpenzi wa mshirika wake, anapaliwa na matapishi yake mpaka anakata roho. Angemlaza ubavu tu, angepona. Nilimlaani. Sehemu chache mbele, nipo tena naomba polisi wasimkamate! Na Skyler, mke wa Walter anayehofia watoto wake, alinikera kuliko muuaji. Mimi nina mke na binti. Hizi tamthilia ambazo mhalifu ndiye mhusika mkuu zinatufanya nini? Na hawa vijana wangu wa miaka 16 je?

PwaniYaTanga:
Mkuu, hili limeanzia mbali. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua steringi hafi, na steringi hakosei. Ukishajua steringi ni nani, huyo ndiye wako mpaka picha iishe. Zamani alikuwa mtu wa kuokoa watu. Ilipokuja The Sopranos mwaka 1999, sehemu ya tano tu, Tony, bosi wa mafia ndiye steringi, anampeleka binti yake kuangalia vyuo huko Maine, na ndani ya safari hiyohiyo anamnyonga mtu aliyewasaliti wenzake. Kisha anarudi kumchukua mtoto. Steringi kabadilika, sisi bado tunapiga makofi kwa mazoea. Ila sikubali kwamba inatugeuza wauaji. Nimeangalia zote 86, sijawahi kumnyanyulia mtu mkono.

MamaSalha:
Mwalimu, hilo la Skyler usilipite haraka. Anna Gunn, aliyemwigiza, aliandika kwenye New York Times Agosti 2013 jinsi watu walivyomchukia mhusika yule, mpaka chuki ikamfikia yeye mwenyewe: kuna mtu aliuliza mtandaoni atampata wapi ili amuue. Kosa lake kucheza mke anayeuliza maswali.

Mie niliwahi kuwa na mume wa biashara za magendo. Nilipouliza hela zinatoka wapi niliitwa mkorofi, na wa kwanza kuniita hivyo walikuwa mawifi. Hawakufundishwa na tamthilia yoyote. Lakini hilo neno "nafanya kwa ajili ya familia" nililisikia kila siku, na Walter anamaliza misimu mitano akilisema. Kumbukeni msimu wa kwanza: rafiki yake tajiri, Elliott, alimpa kazi yenye bima ya matibabu, akakataa. Kiburi tu. Na sehemu ya mwisho anamkiria mkewe kwamba alifanya kwa ajili ya nafsi yake. Walioandika walisema wazi, sisi ndio tuliziba masikio.

Baharia_Msa:
Kwa Pablo Escobar, yule mfanyabiashara wa dawa za kulevya wa Kolombia, ndio nachoka kabisa, maana damu ile ni ya kweli. Tamthilia ya maisha yake, El Patrón del Mal ya mwaka 2012, ilitengenezwa na Juana Uribe na Camilo Cano. Camilo ni mtoto wa Guillermo Cano, mhariri wa gazeti la El Espectador la Kolombia, aliyeuawa na watu wa Escobar Desemba 1986. Kila sehemu inaanza na onyo kwamba asiyeijua historia yake atairudia. Mtoto wa marehemu kaitengeneza kwa uchungu huo, na bado hapa Mombasa nakutana na vijana wamevaa fulana za sura ya Escobar. Ya Cano sijaiona hata moja.

MwalimuMkemia:
Nimesoma yote, asanteni. Jana kipindi cha mwisho niliwaambia walioiona wanyooshe mikono: 19. Nikauliza, yule mtoto wa pikipiki aliyetia buibui kwenye chupa, akapigwa risasi kwa sababu tu aliwaona Walter na wenzake baada ya wizi wa treni, anaitwa nani? Kimya. Jina la bandia la Walter walilitaja kwa pamoja. Nikawakumbusha kwamba sehemu inayofuata Walter anasema hapati usingizi kwa ajili ya mtoto yule, na muda si muda anapiga mluzi huku akifanya kazi. Msichana wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, mimi huo mluzi niliupenda." Akainama. Baadaye akauliza jina. Nikaliandika ubaoni, Drew Sharp, na nakiri kwamba mimi nami nililitafuta asubuhi ileile.

MamaSalha, habari ya mawifi nimeisoma mara mbili. Nimemwomba mke wangu tuanze msimu wa kwanza upya, wawili. Safari hii nataka kumsikia yeye anamhurumia nani.