Baba amekataa rangi ya picha hii, na yeye ni fundi cherehani

BintiMakorora:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaozijua filamu za zamani.

Baba yangu ana miaka 76, ameshona nguo Ngamiani tangu ujana wake. Enzi hizo hela ya Jumapili ilikuwa inaishia sinema ya Majestic, na picha aliyoipenda kuliko zote ni The Good, the Bad and the Ugly, ile ya 1966 ya Clint Eastwood. Yeye alikuwa anakwenda kuangalia makoti. Anasema akirudi usiku anachora mkato kwenye karatasi ya mfuko wa saruji kabla haujamtoka kichwani.

Mwezi uliopita nilimletea kopi mpya kwenye flashi, ya 4K, yaani filamu iliyosafishwa upya ikawa na picha kali zaidi. Haikupita nusu saa akasema, "Mwanangu, hii wameitia bizari." Nikadhani ni macho, maana alishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nikachomeka DVD yetu ya zamani kwenye TV ile ile. Hata mimi nikaona. Kwenye kopi mpya mbingu ina unjano, shati jeupe lina unjano, nyuso zina unjano.

Kilichomuuma hasa ni sehemu moja. Tuco, mmoja wa wahusika wakuu, na mwenzake wamevaa sare za jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Wanaona kikosi kinakuja, sare za kijivu, Tuco anakishangilia. Afisa anapangusa mkono wa koti lake, vumbi linatoka, chini yake kitambaa ni cha buluu. Kumbe maadui! Kitambaa ndicho kinachotoa habari. Baba anasema ukumbi mzima ulipiga kelele pale. Kwenye kopi mpya buluu ipo, lakini imechoka, jicho linachelewa kuikamata.

Sasa nauliza: rangi ya picha ni ya nani? Ya waliosafisha, au ya mzee aliyeiona ingali mpya?

FundiPicha_B8:
Mfikishie mzee shikamoo yangu. Nimechapa picha za rangi hapa Tanga miaka mingi, na mzee wako hajakosea. Kopi nyingi za 4K za filamu hiyo zinatokana na kazi iliyofanywa Italia, ikatoka 2014, na unjano wake umelalamikiwa duniani kote. Toleo la Marekani la 2017 lilijaribu kuupunguza.

Mchezo uko hivi. Negativu, yaani mkanda uliotoka kwenye kamera, peke yake haina rangi ya mwisho. Anayechapa ndiye anayeamua. Filamu ilichapwa kwa taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila taa ina ngazi 50, na kila kipande cha picha kina namba zake. Ukizipoteza namba hizo na huna kopi ya zamani ya kulinganisha, unabaki kukisia. Na unjano ni adui wa buluu: ukiuongeza huu, ile inakufa.

Ila nimpe tahadhari moja. Kopi za Eastmancolor, aina ya mkanda wa rangi wa miaka ile, zilikuwa zinapauka, zinabaki na wekundu. Angalieni picha zenu za harusi za miaka ya 70, ni jambo lile lile. Kopi za Technicolor, njia nyingine ya kuchapa, zilipakwa wino wa rangi, hizo hazipauki. Kama mzee anaikumbuka buluu vizuri hivyo, basi aliiona kopi ambayo haijapauka.

MhaririBagamoyo:
Mimi nahariri video, kwa hiyo nitawatetea kidogo wenzangu. Hiyo 4K imetoa vitu ambavyo Majestic hakuna aliyeviona. Filamu hii ilipigwa kwa Techniscope, fremu moja inachukua matundu mawili ya mkanda badala ya manne, yaani nusu ya eneo. Chembechembe zake, zile punje za mkanda zinazoonekana kwenye picha, ni kubwa, na kuzitunza bila kuzifuta ni kazi. Wapo wanaozifuta zote, uso wa mtu unabaki kama nta. Hilo kwangu ni baya kuliko unjano, kwa sababu unjano naweza kuurekebisha mwenyewe, lakini chembe iliyofutwa hairudi.

Kuhusu nani mwenye haki: Sergio Leone alifariki 1989, mpiga picha wake Tonino Delli Colli 2005. Hiyo 2014 hakukuwa na wa kuulizwa. Lakini hata wakiwa hai wanagombana. The French Connection ya 1971 ilitolewa upya 2009, mwongozaji William Friedkin mwenyewe akaibadilisha rangi ikawa baridi, imepauka. Mpiga picha Owen Roizman akasema hakushirikishwa, akaikataa hadharani. Toleo la 2012 likarudi karibu na rangi ya mwanzo, safari hii Roizman akiwepo.

Dada, hakikisha pia TV haiko kwenye ile modi ya rangi kali ya dukani.

MamaPangani:
Kwetu ni kinyume. Mughal-e-Azam, filamu ya Kihindi ya 1960, sehemu kubwa haikuwa na rangi, wakaipaka yote 2004. Mama hataki tena kuiona ya zamani. Mimi naitaka ile ya mwanzo, kwa sababu wimbo wa ukumbi wa vioo ulipigwa kwa rangi tangu siku ya kwanza. Unatoka kwenye giza na weupe, ghafla rangi inakumwagikia. Sasa hivi yote ni rangi, na wimbo ule umekuwa wimbo kama nyingine.

BintiMakorora:
Asanteni sana. TV kweli ilikuwa kwenye modi ya dukani. Nimebadilisha, unjano umepungua ila haujaisha.

Jana baba kaziangalia zote mbili tena. Kopi mpya imemwonyesha mshono wa bega la koti ambao miaka yote alikuwa anaukisia, na kumbe alikuwa anaukosea. Akanyamaza kwa muda. Ilipofika sehemu ya vumbi akaniambia nirudishe ile DVD.

Kaka FundiPicha, umetaja picha za harusi. Ya baba na mama imekuwa nyekundu yote. Gauni la mama lilikuwa la rangi ya maji ya bahari, baba alilishona mwenyewe. Anauliza kama bado unafanya kazi hiyo, na kama utamruhusu akae pembeni yako akutajie rangi.

FundiPicha_B8:
Aje Jumamosi asubuhi. Kama kuna kipande cha kitambaa kilichobaki, aje nacho.