Tupeane uzoefu: mchanganuo wa biashara ulikusaidia au ulikuangusha?

Njia Panda: Wakuu, salaam. Mimi na mbia wangu tunafungua kampuni, na wiki ijayo tunapeleka mchanganuo kwa watu wa mikopo. Tumeandika kurasa 38, ila kila nikiusoma naona kama unamhusu mtu mwingine. Mliopita huku, mliandikaje? Wapi mliteleza?

Kalamu Nyekundu: 38 ni nyingi, ndugu. Muhtasari unakaa mwanzo lakini uandike mwisho, ukishajua unachosema.

Mshona Mabegi: Mada hii imenigusa kwenye kidonda. Tulianza na mashine 6 na mafundi 9. Mwezi wa pili tukapata oda ya mabegi 2,000, tukashona usiku na mchana, mzigo ukafika kwa wakati. Kwenye jedwali nilikuwa nimeandika mauzo yote mwezi uleule wa kufikisha mzigo. Kumbe mteja ana utaratibu wake: analipa siku 60 baada ya kupokea ankara. Siku ya 34 ankara ikarudishwa, eti haina namba ya oda. Tukairekebisha, siku zikaanza kuhesabiwa upya. Huku mwenye vitambaa hataki mali kauli, anataka taslimu. Mwenye nyumba ndiyo kabisa.

Mwisho wa mwezi wa nne mafundi walimaliza kazi, wakafunika mashine zao, wakakaa. Hakuna aliyenidai. Walikaa tu kwenye mabenchi, mikoba mapajani, wanasubiri nitoke ofisini. Na mimi humo ndani nimeshika mchanganuo, ukurasa wa 14, mwezi wa nne una faida na nimeipigia mstari kwa kalamu ya bluu. Akaunti haina hata nusu ya mishahara. Nikatoka nikawaambia ukweli. Kesho yake nikauza mashine 2, nikawalipa. Hela ya mteja iliingia siku ya 97. Faida ilikuwepo kweli, lakini mshahara haulipwi kwa ankara.

Mama Wawili: Dada, nimesoma mkono uko kifuani. Mafundi walibaki?

Mshona Mabegi: Saba walibaki. Wawili waliondoka na siwalaumu, wana watoto.

Tuko Pamoja: Yamenikuta haya haya. Sina la kuongeza.

Mkataba Kwanza: Pole dada, ila hapo kosa ni la mkataba. Dai nusu ya malipo kabla ya kukata kitambaa.

Bega kwa Bega: Kusema ni rahisi. Mteja mkubwa ana washonaji kumi mlangoni, ukidai nusu oda inahamia kwa mwenzako.

Mkataba Kwanza: Basi iende. Oda inayokulazimisha kuuza mashine si oda.

Bega kwa Bega: Wewe hujawahi kulala na njaa ya kutafuta mteja wa kwanza.

Mama Wawili: Jamani, aliyeuliza ana wiki moja tu.

Mkopeshaji Mstaafu: Nimesoma maombi ya mikopo miaka 19, nikuambie macho yalikuwa yanaanzia wapi. Kwanza jedwali la mzunguko wa fedha, mwezi kwa mwezi, hela inaingia lini na inatoka lini. Pili, mwenyewe umeweka kiasi gani kutoka mfukoni mwako. Tatu, dhamana. Historia ya kampuni na maono nilisoma baadaye, kama nilifika. Sentensi iliyonifanya niweke faili pembeni ni hii: “Soko lina watu milioni moja, tukipata asilimia 1 tu…” Huyo 1 kati ya 100 ni nani? Umeongea naye? Afadhali mtu aliyeniletea majina ya wateja 12 aliowauliza, na 5 kati yao walikuwa wamekataa, akaandika na sababu zao. Nilipokea pia mchanganuo ulionakiliwa, jina la kampuni nyingine limebaki ukurasa wa 9. Usimlipe mtu akuandikie, kikaoni utaulizwa wewe.

Karatasi Moja: Kurasa zote hizo za nini? Chukua turubai la biashara (Business Model Canvas) la Alexander Osterwalder, vyumba 9 kwenye karatasi moja: wateja, unachowapa, unavyowafikia, gharama, mapato na mengine. Sisi tulianza hivyo.

Kalamu Nyekundu: Zuri kwa kufikiri wewe na mbia wako. Halitakuonyesha mwezi ambao hela inaisha.

Karatasi Moja: Na mchanganuo wa kurasa nyingi haukumwonyesha dada wa mabegi.

Hesabu Taratibu: Njia Panda, fanya hesabu hii hata kwenye daftari. Gharama za kudumu za mwezi, gawa kwa kile kinachobaki kila ukiuza kimoja. Chukulia za kudumu ni 600, unauza kwa 10, kukitengeneza ni 6, kinabaki 4. Lazima uuze 150 kila mwezi ndipo usipate hasara wala faida. Kama mikono yenu inatoa 120 kwa mwezi, hata mkopo hautawasaidia. Na mishahara yenu wawili iwekwe kwenye za kudumu. Wengi huiacha nje ili faida ipendeze.

Mama Wawili: Mimi nilimpa mama yangu asome. Alirudia swali moja tu, “Sasa hela inatoka kwa nani?” Nikaandika upya.

Njia Panda: Asanteni sana. Nimekesha na jedwali, nimesogeza kila malipo siku 60 mbele na kutuwekea mishahara. Mwezi wa tano umetoka hasi, na wa sita hasi zaidi. Mbia wangu anataka tuurudishe ulivyokuwa. Nimekataa, tunabadili kiasi tunachoomba na kuanza na bidhaa moja badala ya tatu. Dada Mshona, naomba nikutumie hilo jedwali ulitazame.

Mshona Mabegi: Nitumie leo. Na namba ya oda iandikwe kwenye ankara.